Treni Italala Wapi? Utangulizi wa Umeme katika Yadi za Reli

Katika jiji la Boston, Marekani, kuna jambo linalomshangaza kila mgeni anayeijua reli japo kidogo. Tangu Januari 2000, njia kuu inayotoka Boston hadi New Haven, umbali wa takriban kilomita 250, ina nyaya za umeme juu yake, na treni za masafa marefu za shirika la Amtrak hupita hapo kwa nguvu ya umeme huo. Lakini treni za shirika la MBTA, zile zinazowapeleka watu kazini kila asubuhi kutoka Providence na miji ya njiani hadi Boston, kwa robo karne zimepita chini ya nyaya hizo hizo zikivutwa na vichwa vya dizeli. Umeme uko mita chache juu ya paa, na bomba la moshi liko chini yake. Katika stesheni ya Back Bay, ambayo majukwaa yake yamefunikwa, abiria wamelalamikia moshi huo kwa miaka mingi.

Kwa nini basi wasibadilishe vichwa tu? Jibu lina sehemu nyingi: fedha, mikataba, na muda mrefu wa kuagiza mitambo. Lakini sehemu moja haitajwi sana nje ya ofisi za wahandisi, nayo ndiyo ninayotaka ikuingize katika taaluma hii. Kichwa cha umeme hakiendi mahali pasipo na waya, na kila treni, iwe ya aina gani, inahitaji mahali pa kulala.

Nakuandikia wewe ambaye hujasoma uhandisi wa umeme wala wa reli. Huhitaji hesabu zaidi ya kugawanya. Nitakachokuomba ni uache kwa muda kuitazama treni ikiwa mbioni, uitazame ikiwa imesimama.

Tuanze na siku ya treni ya abiria wa mjini. Wakazi wa Dar es Salaam waliowahi kupanda ile waliyoiita treni ya Mwakyembe, iliyoanza mwaka 2012, au wa Nairobi wanaotoka Syokimau, wanaujua mwendo wake: asubuhi watu wote wanaelekea katikati ya jiji, jioni wote wanarudi. Abiria akishuka saa mbili na nusu asubuhi anaingia ofisini. Treni yake inakwenda wapi? Kuirudisha tupu ilikotoka ni kupoteza nishati na kuziba njia, kwa hiyo hupelekwa pembeni ikangojea jioni. Usiku, vivyo hivyo, hulala karibu na mwisho wa njia ili alfajiri iwe ya kwanza kuondoka. Eneo la njia nyingi zilizolala sambamba kwa ajili ya kuegesha treni ndilo tunaloliita yadi. Usilichanganye na karakana, ambayo ni jengo la matengenezo. Yadi yaweza kuwa na karakana ndani yake, na yaweza isiwe nayo. Tofauti hiyo itatusaidia mbele.

Kwa hiyo jiji lenye treni za aina hii huhitaji yadi za nje kwa usiku na yadi za ndani kwa mchana, na zile za ndani hukaa kwenye ardhi ghali kuliko zote. New York ni mfano mzuri. Minara ya Hudson Yards, upande wa magharibi wa Manhattan, imejengwa juu ya jukwaa kubwa la zege, na chini ya jukwaa hilo treni za Long Island Rail Road zinaegeshwa zikisubiri jioni.

Sasa umeme wenyewe. Treni ya umeme ni sehemu ya mzunguko, yaani njia kamili ambayo mkondo hutoka kwenye chanzo na kukirudia. Umeme hutoka kwenye kituo cha kupozea umeme, ambako msongo mkubwa wa gridi, yaani kani inayousukuma mkondo, hushushwa. Hupita kwenye waya ulio juu ya reli. Hushuka kupitia pantografu, ule mkono unaokunjuka juu ya paa ukiugusa waya kwa kipande cha kaboni. Huingia kwenye transfoma ndani ya kichwa, kisha kwenye mota zinazozungusha magurudumu. Halafu hurudi kituoni kupitia magurudumu na reli. Hapo wengi hukwama: kama umeme unapita kwenye reli, mbona anayeikanyaga hafi? Kwa sababu reli ni upande wa kurudi, na imeunganishwa na ardhi, kwa hiyo msongo wake ukilinganisha na ardhi uliyosimama hushikiliwa uwe mdogo. Hatari iko juu.

Mbona msongo wa juu uwe mkubwa hivyo? Waya wa Boston una volti 25,000, yaani kilovolti 25, sawa na ule wa reli mpya ya Tanzania ambayo Juni 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tofauti yao ni kwamba umeme wa Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde na wa Tanzania mara 50. Chukua kichwa cha Siemens kiitwacho ACS-64, ambacho Amtrak walianza kukitumia mwaka 2014. Nguvu yake ya juu ni megawati 6.4. Gawanya nguvu hiyo kwa volti 25,000 utapata ampea 256. Ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo. Gawanya nguvu hiyo hiyo kwa volti 750, ambao ni msongo wa Long Island Rail Road, utapata zaidi ya ampea 8,500. Mkondo mkubwa hupasha nyaya joto na kupoteza nishati njiani, na hudai vituo vya umeme vilivyo karibukaribu. Ndiyo maana penye volti 750 treni za abiria wa mjini kwa kawaida hutumia reli ya tatu, chuma kinene kilicholazwa kando ya njia, badala ya waya mwembamba wa juu. Katika yadi, reli ya tatu ina kasoro nyingine ambayo sijawahi kuizoea: iko chini, karibu na vifundo vya miguu ya watu wanaotembea gizani kukagua breki. Kuanzia hapa nitazungumzia waya wa juu peke yake.

Katika njia kuu, kinachoonekana kama waya mmoja kwa kawaida ni nyaya mbili. Wa juu hubeba uzito, na wa chini, unaoguswa na pantografu, huning'inizwa kwenye ule wa juu kwa vishikizo vingi ili ukae mlalo. Mpangilio huo huitwa katenari. Unahitajika kwa sababu treni inayokimbia kilomita 150 kwa saa haivumilii waya unaobonyea: pantografu ingerukaruka, cheche zikaula waya. Ukitazama kutoka juu utaona tena kwamba waya haufuati mstari wa katikati ya reli. Huenda upande kidogo, ukarudi, ukaenda upande wa pili. Hilo hufanywa kwa makusudi, ili kipande cha kaboni kilike sawasawa badala ya kukatwa mfereji mahali pamoja.

Ndani ya yadi treni inatambaa. Kwa mwendo huo waya mmoja bila ule wa kuubeba mara nyingi unatosha, na haulazimiki kuwa na vyuma vizito vya kuukaza kadiri joto linavyobadilika. Mwanafunzi akisikia hivi hukimbilia kusema kwamba basi yadi ni rahisi kuliko njia kuu. Kwa mita moja ya waya ulionyooka, ni kweli. Lakini yadi ina mita chache sana za namna hiyo.

Fikiria mlango wa yadi. Njia moja inaingia, inagawanyika mbili, kila moja inagawanyika tena, mpaka zinatoka njia kumi kama vidole kutoka kiganjani. Kila mgawanyiko wa reli unadai mgawanyiko wa waya juu yake, na hapo ndipo penye kazi. Nyaya mbili zinapokutana lazima ziwe katika kimo ambacho pantografu inayotoka upande wowote itazipokea zote mbili bila kunasa; ncha ya pantografu ikipita upande usiofaa wa waya, huung'oa pamoja na vishikizo vyake. Katika njia kuu migawanyiko ya namna hii imeachana mbali. Katika mlango wa yadi imefuatana bila nafasi, na nguzo za kushikilia nyaya hazina pa kusimama, kwa kuwa kila penye ardhi pana reli. Hivyo hujengwa boriti ndefu za chuma zinazovuka njia zote kwa pamoja, misingi ikiwa pembeni, mara nyingi kati ya mifereji ya maji na mabomba ambayo michoro ya zamani haiyaonyeshi. Gharama ya yadi haipimwi kwa kilomita. Ihesabu kwa migawanyiko.

Hapa nitasimama zaidi, kwa sababu tunafika kwenye kile ninachokiona kuwa moyo wa fani nzima: kuukata umeme.

Katika njia kuu waya huwa hai karibu wakati wote, na watu hukaa mbali nao. Yadini ni kinyume chake. Watu wako hapo kila saa: wasafishaji, wakaguzi, mafundi wa viyoyozi, na katika mabehewa mengi kiyoyozi kiko juu ya paa. Fundi akipanda paani anakuwa karibu na volti 25,000, na kwa msongo huo hahitaji kugusa. Kukaribia tu kunatosha kuua. Kwa hiyo lazima sehemu ya waya iliyo juu yake izimwe wakati njia ya jirani inaendelea kufanya kazi. Mhandisi huugawa waya wa yadi katika vipande, kati ya kipande na kipande huweka kihami, yaani kifaa kisichopitisha umeme lakini kinachoiruhusu pantografu kuteleza, na kila kipande hukipa swichi yake.

Vipande vingapi? Kikiwa kimoja tu, kiyoyozi cha behewa moja kitazimisha yadi nzima. Vikiwa ishirini, una swichi ishirini za kununua, kutunza, na kukosea. Hakuna kanuni inayotoa jibu. Huwa namshauri mwanafunzi aende kuzungumza na msimamizi wa zamu ya usiku kabla ya kuchora mstari wowote, kwa kuwa ni yeye anayejua njia ipi hulala treni zenye hitilafu na ipi haina budi kuwa wazi saa kumi alfajiri.

Na kuzima hakutoshi. Hili huwachanganya hata mafundi wazoefu wa umeme wa majumbani. Waya uliozimwa unaolala sambamba na waya ulio hai huokota msongo kutoka kwa jirani yake kupitia hewani, bila kugusana. Waweza kuwa umekatwa pande zote mbili na bado ukamrusha mtu kutoka paani. Kwa sababu hiyo, baada ya kuzima, waya huunganishwa na reli kwa kebo nene, kile ambacho mafundi wetu hukiita ethi. Kabla ya hapo hauhesabiwi kuwa umekufa. Katika karakana zilizopangwa vizuri, ngazi ya kupandia jukwaa la paani ina lango lenye kufuli, na ufunguo wa lango hilo umekwama ndani ya swichi ya umeme: hautoki mpaka swichi izimwe na ethi ifungwe. Fundi hapewi nafasi ya kusahau. Katika mitambo yote ya reli niliyosoma, ufunguo huo naupenda kuliko vichwa vya megawati sita.

Swali jingine ninalolisikia mara kwa mara: mbona yadi nyingi za dizeli tayari zina umeme, na treni huchomekwa plagi? Ni kweli, lakini huo ni umeme wa aina nyingine. Mabehewa ya abiria yanahitaji taa, joto na kiyoyozi, makumi ya kilowati kwa kila behewa. Nchini Marekani nguvu hiyo hutolewa kwa volti 480. Safarini hutoka kwenye kichwa; yadini yaweza kutoka kwenye plagi ya ardhini. Plagi hiyo itayapasha joto mabehewa, lakini haiwezi kuisogeza treni hata hatua moja.

Hata hivyo plagi ina thamani kubwa pale palipo dizeli. Injini kubwa za dizeli za reli za Marekani kwa desturi hupozwa kwa maji yasiyotiwa dawa ya kuzuia kuganda. Usiku wa baridi kali, injini iliyozimwa bila kupashwa joto huganda na kupasuka, kwa hiyo huachwa ikinguruma mpaka asubuhi, na majirani wa yadi hukesha nayo. Kichwa cha umeme hakina adha hiyo. Kinainua pantografu, kinachukua umeme wa waya, na transfoma yake inayalisha mabehewa. Lakini mzigo haujatoweka. Umehamia kwenye kituo cha kupozea umeme. Treni kumi zikianza kupashwa joto kwa wakati mmoja saa kumi alfajiri, kituo kinakumbwa na mahitaji makubwa kabla treni hata moja haijatoka. Anayekipima kituo kwa treni zilizo njiani peke yake atakipima kidogo.

Sasa rudi nami Boston, kwa macho mapya. Treni za Providence hulala katika yadi ya Pawtucket, kando kabisa ya njia kuu yenye waya, na yadi hiyo ilijengwa kwa ajili ya dizeli. Kusini zaidi, katika stesheni za T.F. Green na Wickford Junction, treni za MBTA husimama kwenye njia ya pembeni isiyo na waya, huku Amtrak wakipita kwa kasi katika njia ya jirani. Karibu na South Station kuna yadi ya Southampton Street, ambayo ni ya Amtrak na ina waya. Karakana kubwa ya MBTA, Boston Engine Terminal, iko Somerville, upande wa kaskazini wa jiji, na treni za kusini huifikia kwa kupita Cambridge kwenye njia ndogo ya Grand Junction, nayo haina waya. Kichwa cha umeme kikihitaji matengenezo makubwa kingelazimika kuvutwa na dizeli kama mgonjwa machelani. Kilomita zilizokosa waya ni chache sana ukizilinganisha na zile zilizonao, na hizo chache zinatosha kukwamisha mengine yote.

Mwaka 2023 MBTA ilinunua eneo la Widett Circle, karibu na South Station, kwa ajili ya kuegesha treni mchana. Naona ulikuwa uamuzi mzuri, ila eneo hilo liko bondeni, na maji ni adui wa yadi. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki, shirika la New Jersey Transit lilikuwa limeegesha vichwa na mabehewa mengi katika yadi ya Kearny, maji yakaingia. Transfoma na swichi za yadi huwekwa chini kwa urahisi wa kuzifikia. Mahali kama hapo zinapaswa kuinuliwa, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Utaniuliza kama hakuna njia ya mkato. Ipo. New Jersey Transit wana vichwa vya aina ya ALP-45DP vyenye umeme na dizeli kwa pamoja. Betri nazo zaweza kuisukuma treni mita mia kadhaa za mwisho bila waya. Kwa njia yenye pengo refu lisilozibika, kwa mfano daraja la chini mno, naziunga mkono. Kwa yadi siziungi mkono kirahisi hivyo. Kichwa chenye mitambo miwili hubeba uzito wa dizeli kutwa nzima, kwenye kila mlima, ili kiutumie dakika chache usiku, na fundi hutunza injini mbili mahali pa moja.

Nakuachia zoezi. Boston kichwa hukaa kwa kawaida upande wa treni ulio mbali na jiji: treni inayoingia mjini husukumwa, inayotoka huvutwa. Faida mojawapo ya desturi hiyo ni kwamba moshi hubaki mbali na ukumbi wa South Station. Sasa iegeshe treni hiyo katika yadi ya nje ambayo mlango wake uko upande wa jiji. Kichwa kimesimama ndani kabisa, na asubuhi kitapita urefu wote wa njia kikiyasukuma mabehewa, kwa hiyo waya lazima ufike mwisho. Ukiigeuza treni, kichwa kikakaa upande wa mlango, waya unaweza kuishia pale kinaposimama. Mabehewa yote nyuma yake hayahitaji waya, na mafundi watapanda mapaa yake bila kungojea swichi. Umeokoa fedha nyingi, na kwa kuwa hakuna moshi tena, hoja ya zamani ya South Station imekwisha.

Lakini kabla ya kuutia saini mchoro huo, uliza shirika litanunua nini baada ya miaka ishirini. Ikiwa ni treni za aina ambayo Watanzania wameipa jina la mchongoko, zisizo na kichwa cha kuvuta kwa kuwa mota zimesambazwa chini ya mabehewa, pantografu zitakuwa katikati ya treni, sehemu ya yadi uliyoiacha bila waya haitafaa, na nguzo za kuongeza hazitakuwa na pa kusimama. Mimi ningeutandaza waya mpaka mwisho.